Shangazi Mkunga Anajibu: Kadi ya Kliniki Ndani ya Biblia

*Wiki hii barua tatu, zote kutoka nyumba zenye msala na rozari chini ya paa moja. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu nimeisoma mara nne.*

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni Mkatoliki, mume wangu ni Mwislamu. Tuna miaka tisa ya ndoa. Tulifungishwa na shehe, mimi nikabaki na dini yangu, na sijawahi kulazimishwa kubadili. Watoto watatu, wote kwa upasuaji. Wa mwisho ana miezi kumi na moja. Siku ya kumzaa nilitoka damu mpaka nikaongezewa chupa mbili. Daktari alinikalisha kabla ya kuniruhusu, akasema nipumzike angalau miaka miwili, na kama nataka kusikia la moyoni mwake, hawa watatu wanatosha.

Nilipomweleza mume wangu alinyamaza. Baada ya wiki mbili akaniambia amefikiri, lakini uzazi wa mpango ni haramu na riziki ya mtoto huletwa na Mungu. Nikakimbilia kwa mama yangu. Naye akasema Kanisa limekataza, nihesabu siku. Basi nikaenda kliniki peke yangu, nikachoma sindano ya miezi mitatu. Kadi nikaiweka ndani ya Biblia yangu ya zipu, kwenye Zaburi, nikijua mume wangu haigusi.

Mwezi uliopita aligusa. Alikuwa anatafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Hakufoka. Aliiweka kadi mezani akasema, "Kumbe kitabu chako ndicho kinachokufichia." Tangu siku hiyo analala chumba cha watoto.

Kuna jambo jingine, Shangazi, na hili sijamwambia mtu. Tulikubaliana watoto wafuate dini ya baba. Lakini wa pili aliugua sana akiwa mchanga, usiku mmoja tukadhani haamki, na mama yangu akambatiza pale pale kitandani kwa maji ya kikombe. Mume wangu alikuja kulijua hilo mwaka jana. Tangu hapo husema anataka mtoto mmoja "ambaye hajaguswa na mtu."

Je, ni kweli Uislamu umekataza? Nimemkosea kwa kuficha? Na kliniki ina haki ya kudai sahihi ya mume? Ile ya kwanza walinirudisha kwa sababu hiyo, ndipo nikaenda nyingine.

*Mama wa Watatu*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na mshono. Dini zitasubiri kidogo, hazina haraka kama damu.

Mfuko wa uzazi uliopasuliwa mara tatu una kovu juu ya kovu. Mimba ikiingia mapema, kovu halijakomaa, nalo linaweza kuachia wakati mtoto anakua au uchungu unapoanza. Halafu kuna kondo la nyuma. Kwa kawaida hujibandika ukutani na baada ya kuzaa hubanduka lenyewe. Likiangukia kwenye kovu huweza kuzama humo na kukataa kubanduka, na hatari hiyo hupanda kwa kila upasuaji unaoongezeka. Nimefanya kazi ya ukunga miaka thelathini na moja. Nimeona chumba cha upasuaji ambamo kila mtu ameacha kusema, kinachosikika ni mashine tu na mtu mmoja anahesabu chupa za damu. Shirika la Afya Duniani linamshauri mwanamke yeyote, hata aliyejifungua salama kabisa, asubiri angalau miezi 24 kabla ya kutafuta mimba nyingine. Wewe hukujifungua salama. Daktari wako hakukutisha, alikupa hesabu.

Sasa swali lako la kwanza. Sikiliza vizuri, maana jibu lake limewahi kumshangaza hata shehe mmoja aliyekuja kunikaripia kliniki, akaishia kuniomba kiti.

Katika Bukhari na Muslim, vitabu viwili vya hadithi za Mtume, kuna maneno ya sahaba Jabir: walikuwa wakifanya azli, yaani kumwaga nje, huku Qurani ikiteremka. Kama ingekuwa ya kukatazwa ingekatazwa hapo hapo, wao wakiwa hai na wahyi ukishuka. Juu ya hadithi hiyo wanazuoni wengi wa madhehebu manne wamejenga ruhusa ya kuzuia mimba kwa muda. Ghazali, mwanazuoni aliyefariki mwaka 1111, alizitaja sababu zinazokubalika, na mojawapo ni kuhofia maisha ya mke kwa hatari ya kuzaa. Miaka mia tisa iliyopita, mwanangu, kabla hata sindano yenyewe haijaota ndotoni.

Sitakudanganya kwamba wote ni kitu kimoja. Mwanazuoni Ibn Hazm alipinga azli. Wapo hadi leo wanaoiona ni makuruhu, yaani jambo lisilopendeza ingawa si haramu, na kufunga kizazi moja kwa moja wengi wanakataza mpaka iwe ni dharura ya kitabibu. Mumeo anaweza pia kukusomea aya ya 31 ya sura ya 17, ile inayokataza kuwaua watoto kwa kuogopa umasikini. Aya hiyo inasema juu ya kuwaua waliokwisha kuwapo. Mwambie akuonyeshe mtoto uliyemuua. (Hapana, usimwambie hivyo. Hilo ni langu mimi na ulimi wangu.)

Badala yake muombe mfungue pamoja aya ya 233 ya sura ya Al-Baqara. Nayo inasema mama wanyonyeshe miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza. Inasema mama asitiwe taabuni kwa sababu ya mwanawe, wala baba kwa sababu ya mwanawe. Kisha inasema wakitaka kumwachisha mtoto ziwa kabla ya muda huo, iwe kwa kuridhiana na kushauriana wao wawili. Hata kumwachisha ziwa tu kumewekewa mashauriano. Kuingia chumba cha upasuaji mara ya nne kunawezaje kuamuliwa na mmoja?

Na kuna jambo watu hawapendi kulisimulia kwenye mawaidha ya ndoa. Wanazuoni wengi walioruhusu azli walimwekea mume sharti: mke awe ameridhia, kwa sababu haki ya mtoto na haki ya tendo ni yake pia. Walikuwa wanamlinda mwanamke anayetaka kuzaa, ni kweli. Lakini tayari walikwisha kukubali kwamba ana sauti katika jambo hili, na sauti ina haki ya kusema ndiyo na ina haki ya kusema bado.

Mama yako sasa. Papa Paulo wa Sita alitoa waraka wa *Humanae Vitae* mwaka 1968, na kweli ulikataza njia za kutengenezwa: vidonge, sindano, mipira. Waanglikana walikuwa wameshalegeza mlango kwenye mkutano wao wa Lambeth mwaka 1930, lakini Roma haikuwafuata. Kwa hiyo mama yako hajakosea kuhusu sindano. Ila waraka ule ule unasema wenzi wenye sababu nzito, ya mwili, ya akili au ya maisha, wanaweza kupishanisha uzazi kwa kufuata siku za mwili. Hakuna padri aliyesoma atakayekuambia kwamba Kanisa linakutaka ushike mimba ukiwa na mshono wa miezi kumi na moja. Atabishana nawe juu ya njia, kupumzika hatabishana nako.

Umeliona hilo? Ukipima kwa vitabu vyao wenyewe, mumeo ndiye mwenye uwanja mpana kuliko mama yako. Na ndiye aliyesema haramu.

Kuhusu kuhesabu siku, nitakusimulia kidogo. Baba yangu alikuwa Mwislamu, mama yangu Mkristo. Mama alikuwa na uzi wa katani wenye mafundo 28, na pini ya nguo aliyokuwa akiisogeza fundo moja kila asubuhi. Ulikuwa ukining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba. Baba aliuona miaka mingi akidhani ni chombo cha sala. Siku moja akamuuliza, "Rozari gani hii isiyo na msalaba?" Mama akajibu, "Ya wanawake." Mazungumzo yakaishia hapo. Walizaa wanane, wakazika wawili, na mimi wa tano nimezaliwa kwa sababu mama aliugua homa wiki nzima na hakuna aliyeisogeza pini. Sina kinyongo na pini hiyo. Lakini njia ya kuhesabu siku inataka mzunguko usioyumba na mume anayekubali kungoja. Wewe unanyonyesha, mzunguko wako bado haujatulia, na mume wako analala na watoto. Kwa mwili wako wa leo nisingekuwekea uzi.

Umeuliza kama umemkosea kwa kuficha. Ulipoificha ile kadi ulikuwa unaulinda uhai wako, na sitakuita mwongo. Ila nitakuambia nilichokiona mara nyingi: sindano hailindi siri vizuri. Inaleta matone ya damu siku zisizotarajiwa, na kwa mume Mwislamu damu ina hukumu zake, haji kwako ukiwa hedhini. Mwanamke anatoa sababu leo, anatoa kesho, mwezi unapita, mume anaanza kudhani kuna mwanaume mwingine. (Damu hiyo ya matone, isiyo ya siku zako, kwa fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, inaitwa istihadha, na kwa wanazuoni wengi haizuii tendo. Mumeo akiwa hajui, shehe wake anajua.) Tena ukiiacha, uzazi unaweza kuchelewa miezi tisa, kumi, au zaidi kurudi. Kijiti cha mkononi kinakaa miaka mitatu hadi mitano kutegemea aina, na siku kinapotolewa uzazi unarudi upesi. Hata unyonyeshaji hakiuharibu. Kaongee na mhudumu wako kabla kadi haijafika tarehe nyingine.

Sasa nifike pale barua yako ilipofika mwisho, na mimi naona ndipo ilipoanzia. Kikombe cha maji.

Mama yako alifanya alichofundishwa: mtoto akiwa katika hatari ya kufa, sheria ya Kanisa inamruhusu mtu yeyote kumbatiza, hata bila ridhaa ya wazazi. Kwake alikuwa anaiokoa roho. Kwa mumeo, aliporudi nyumbani akiwa na mtoto aliyepona, alikuwa ameshanyang'anywa kitu bila kujua, na akaishi miaka akiwa hajui. Mtu aliyeibiwa hivyo hasemi "nimeumia". Anasema "haramu", kwa sababu neno haramu halitetemeki. Anataka mtoto wa nne awe wake mzima. Lakini anataka umlipe kwa tumbo lako deni ambalo hukulikopa wewe, na kama ulilijua ukanyamaza, basi deni lako ni la ukimya, halilipwi kwa damu.

Tenganisha mambo haya mawili, kwa siku mbili tofauti. Siku ya kwanza zungumza naye juu ya kikombe tu. Mwombe radhi kwa sehemu yako. Mruhusu aseme lile alilolinyamazia mwaka mzima, na usiingize neno sindano hata kama linakuwasha ulimi. Mama yako naye ana maneno yake ya kumwambia mkwewe, usimsemee. Siku ya pili nendeni wote wawili kwa daktari aliyekupasua, na yeye amwonyeshe kwenye karatasi, kwa kalamu, kovu liko wapi na kondo la nyuma hukaa wapi. Wanaume wengi hawajawahi kuchorewa. Nimewaona wakitoka pale wameshika karatasi kama hati ya shamba.

Akigoma siku zote mbili, uamuzi juu ya mwili wako bado ni wako. Umeuliza habari ya sahihi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, uliopitishwa mwaka 1979, katika kifungu cha 16 unampa mwanamke haki sawa na mwanaume ya kuamua kwa hiari na kwa kuwajibika idadi ya watoto na nafasi kati yao, na kupata elimu na njia za kufanya hivyo. Nchi za Afrika zina Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, kifungu cha 14, nayo inaitaja wazi haki ya mwanamke kuchagua njia ya kuzuia mimba. Shirika la Afya Duniani nalo limependekeza sharti la idhini ya mume liondolewe. Sheria za nchi zinapishana, na wahudumu nao wanapishana na sheria zao wenyewe. Wakati mwingine kinachodai sahihi ni mazoea ya mtu aliyekaa kwenye dawati. Siku nyingine ukidaiwa, uliza kwa upole: "Naomba kuona utaratibu huo ulioandikwa." Nimefanya kazi na wenzangu waliodai sahihi miaka kumi bila kuwa na karatasi yoyote. Na akikutisha au kukunyanyulia mkono kwa sababu ya jambo hili, ushauri wangu wa siku mbili hauna kazi tena. Tafuta kwanza mahali pa usalama, na umwambie mhudumu wako.

Kadi itoe kwenye Biblia. Wino wa ile mihuri hupita mpaka ukurasa wa tatu kwenye karatasi nyembamba namna hiyo.

Shangazi,

Mimi ni Mwislamu, mume wangu Mkatoliki. Kwetu walikataa, tukafunga ndoa kanisani kwa kibali maalumu. Nina miaka 37, ndoa ina minne, mtoto sina. Sina ugonjwa, mume wangu ndiye hataki. Anatumia kondomu kila siku, na siku ambayo haipo anamwaga nje. Anasema aliweka ahadi kanisani kuwa watoto watabatizwa, mimi nasema sikuahidi, basi bora tusizae mpaka tuelewane. Kila mtu huzungumzia haki ya kutozaa. Ya kuzaa je?

*Nimesubiri*

Umesubiri kweli, na umeuliza vizuri. Watu wakisikia haki za uzazi hudhani ni dawa ya kuzuia tu. Kifungu kile nilichomtajia mwenzako hapo juu kinalinda pande zote mbili.

Ahadi ya mumeo naijua. Imo katika kanuni ya 1125 ya sheria ya Kanisa ya mwaka 1983. Mkatoliki anaahidi kufanya yote anayoweza ili watoto wabatizwe na kulelewa Ukatoliki. Wewe uliarifiwa tu kwamba ameahidi, hukuapishwa, kwa hiyo mko sawa nyote wawili katika kumbukumbu zenu. Ila maneno ni "yote anayoweza". Hayasemi azuie mtoto asizaliwe ili ahadi isivunjike. Kinyume chake, Kanisa hilo hilo linaihesabu ndoa kuwa ni batili kama mmoja aliingia akiwa ameshaamua kuukataa uzazi. Mumeo ameshika kanuni moja akairuka ya jirani yake. Na upande wako, wanazuoni waliotaka ridhaa ya mke kwenye azli wangekutetea, isipokuwa wengi wao ndoa yako hii wasingeitambua tangu mwanzo. Nakuambia ili ukienda kwa shehe usikutwe na mshangao.

Mimi namshuku mumeo jambo jingine. Anaogopa siku ya kumpeleka mtoto kwa wazazi wake, au kwa wako. Mwambie mzungumzie siku hiyo kama ilivyo: nani atakuwa mlangoni, mtoto ana jina gani, nani anasema nini sikioni mwake. Mtoto mkipanga juu yake ana uso. Mkiacha kupanga ni vita tu vya dini.

Na mweleze umri, bila machozi. Uzazi wa mwanamke hushuka zaidi baada ya miaka 35, na mayai hayajui kama mnaendelea na mashauriano. Kwa umri wako, mkianza kujaribu na miezi sita ikapita bila mimba, nendeni mkapimwe wote wawili. Usikubali kupimwa peke yako. Kama jibu lake ni hapana, una haki ya kuisikia hapana hiyo leo. Kuisikia ukiwa na miaka 42 imevaa nguo ya "tusubiri" ni dhuluma, na hapo nakataa kabisa kumpaka mafuta mume wa mtu.

Shikamoo Shangazi,

Mke wangu ni Mlokole, mimi Mwislamu. Tumekubaliana watoto wawili kwanza. Ameweka kitanzi, tena alinishirikisha. Juzi rafiki zangu msikitini wameniambia kitanzi kinaua mimba kila mwezi, kwa hiyo ni kutoa mimba, na mimi nabeba dhambi. Nimekosa usingizi. Je, nimwambie akitoe?

*Baba Mapacha*

Marahaba, baba mapacha. Kwanza mtu aliyekosa usingizi akaandika barua badala ya kwenda kumfokea mkewe, huyo namheshimu.

Kitanzi cha shaba kazi yake kubwa ni kwa mbegu za kiume. Shaba inazidhoofisha zisiogelee wala zisilifikie yai, kwa hiyo mimba haitungwi. Kitanzi chenye homoni kinaufanya ute wa mlango wa kizazi kuwa mzito kama ubani, mbegu zinanasa pale pale. Kutoa mimba ni kuiondoa iliyokwisha kujipandikiza, na kitanzi hakifanyi kazi hiyo. Hata mwanamke akishika mimba kitanzi kikiwa ndani, mimba yenyewe huweza kuendelea. Ndiyo maana kipimo kikionyesha anayo anatakiwa awahi hospitali, na wakati huo kitanzi kutolewa huwa salama zaidi kwake.

Wanazuoni wako wamegawanyika juu ya kutoa mimba kabla ya siku 120, na wanakubaliana kwa ukali zaidi baada ya hapo, isipokuwa maisha ya mama yakiwa hatarini. Mjadala huo ni mkubwa na ni wa kweli, lakini hauna mahali pa kukaa kwenye kitanzi cha mkeo. Rafiki zako wamechanganya mafaili mawili.

Umwambie akitoe? Mnaweza kuzungumza. Kumwamuru, hapana. Mlikubaliana wawili, na kilicho ndani ya mwili wake hakitoki kwa kura ya watu wa msikitini, hata wakiwa wanakupenda. Kama unahisi nyuzi zake wakati wa tendo, hilo ni jambo dogo: arudi kwa mhudumu akazikatie fupi. Siku mkitaka mtoto wa tatu, kinatolewa kwa dakika chache na uzazi unarudi karibu mara moja.

Cha shaba kina muda wake, na kile cha kawaida kabisa hukaa miaka kumi, kwa hiyo muulize mkeo ni aina gani na aliwekewa tarehe ngapi. Kisha iandikeni ndani ya mlango wa kabati, mahali mtakapoiona nyote wawili mkitafuta nguo.